Kikamba cha Darasa la Tatu

Mara nne nilikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mshauri nasaha hospitalini nikimsikiliza ndugu yangu akiongea Kiingereza. Mlango ulikuwa mwembamba na sauti yake ilipita yote. Sikuelewa, kwa sababu mimi niliacha shule darasa la saba, lakini hata asiyeelewa husikia mtu anayeongea vizuri. Maneno yalikuwa yakifuatana bila kukwama. Hakukohoa, hakusita. Wagonjwa wengine kwenye benchi waligeuza shingo. Mzee mmoja aliyekuwa amefungwa bendeji ya jicho aliniuliza, "Huyo ndani ni daktari?"

"Ni ndugu yangu."

"Amekuja kutibu au kutibiwa?"

 Ndugu yangu alikuwa na wiki tatu bila kula chakula cha kuitwa chakula. Chai ya rangi asubuhi, maji mchana, na ukimsukuma sana, vijiko viwili vya uji. Suruali aliyotoka nayo chuo kikuu alikuwa ameifunga kwa kipande cha kitambaa cha leso yangu. Na nyumbani kwetu, upande wa ndani kutoka mji mdogo wa Kabati, nilikuwa nimekusanya kila kitu chenye makali na kila dawa ya mifugo nikavipeleka kwa jirani, nikimdanganya kwamba nataka kupaka nyumba chokaa.

Mshauri alikuwa mama wa makamo kutoka Magharibi mwa Kenya, aliyeletwa hospitali ya kaunti baada ya kufanya kazi kule Nunguni. Alikuwa na chumba kimoja, viti vitatu na Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, lakini kwa ajili ya ndugu yangu alikuwa ametupa kila Alhamisi. Siku ile ya nne alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akakaa nami kwenye benchi kama mtu anayengojea dawa.

"Dada, nduguyo anaongea vizuri sana," alisema.

"Namshukuru Mungu."

"Usishukuru. Ndiyo shida yenyewe." Aliteremsha sauti. "Amenieleza kifo cha mama yenu mara nne. Kila mara ni yale yale, neno kwa neno, kama mtu wa redio anasoma habari. Mimi ndiye nilitokwa na machozi. Yeye alinipa kitambaa. Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili."

"Ninyi wawili? Wakamba, Ukambani kwenu, ndani ya nyumba yenu?"

"Ndiyo."

"Na Kikamba?"

Nilitazama viatu vyangu. "Nilikikataza," nikasema.

Inabidi nieleze, kwa sababu ndipo kosa langu lilipo na sitaki mtu mwingine alaumiwe.

Mama alipokufa nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa ametangulia miaka mingi nyuma. Tulibaki watatu: mimi, huyu ndugu yangu wa miaka tisa, na kitinda mimba wetu wa miaka minne. Mama mdogo aliyeolewa Kikima alitaka kutugawanya, nikakataa, mpaka baadaye nilipozidiwa nikamwachia yule mdogo. Nilianza kutwanga muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda, nikiuzia hoteli za Kabati. Mpaka leo ndiyo kazi yangu.

Mwalimu wa ndugu yangu akaniambia kwamba huyu mtoto ana kichwa lakini lugha itamwangusha. Shuleni kulikuwa na diski, kama ilivyokuwa shule nyingi za kwetu: kipande cha mbao chenye uzi. Anayepatikana akiongea Kikamba anavishwa shingoni, naye anamtegea mwenzake, na jioni wote walioivaa wanachapwa. Mimi niliivaa, mama yangu pia aliivaa. Hakuna aliyeona ajabu. Nikawaza, kama shuleni inafanya kazi, nyumbani itafanya kazi zaidi. Nilikata kifuniko cha mtungi wa plastiki, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikakitia uzi. Atakayeongea Kikamba ndani ya nyumba hii atakivaa, na hatapata chai.

Nilijiambia ni kwa ajili ya masomo. Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolijua na sikumwambia mtu. Kwa Kikamba yule mdogo alikuwa akimwita mama kila jioni. "Mwaitu yu va?" Mama yuko wapi? Kwa Kiswahili hakujua kuuliza. Wiki ya kwanza ya kifuniko kile nyumba ilinyamaza, na mimi nikapumzika. Hakuna aliyelia tena. Niliona nimeweza.

Ndugu yangu alipita mitihani yote. Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kwenda chuo kikuu. Aliporudi mwaka wa tatu, katikati ya muhula, na begi moja, alisema amechoka kidogo. Akalala kitandani akaangalia mabati.

Mshauri alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona akishangaa. Aliniuliza kama niko tayari kuingia ndani wakati ujao, kisha akaenda kumuuliza ndugu yangu kama anakubali, kwa sababu alisema chumba ni chake yule mgonjwa, si changu. Nilimsikia akijibu: "Sawa tu. Aingie." Kama mtu anayeruhusu kiti kihamishwe.

Wiki iliyofuata tuliingia wote watatu.

"Mimi Kikamba sijui," mshauri alimwambia. "Najua kusalimia na kununua embe, na hata kwa embe wananipunja. Lakini leo nakuomba uongee hicho. Dadako hatatafsiri. Mimi nitakaa tu."

"Sasa utasaidika vipi?" ndugu yangu aliuliza, kwa adabu kabisa.

"Si mimi ninayetafuta msaada."

Alitabasamu kidogo, lile tabasamu la wageni. Kisha akatazama mikono yake. Tulikaa. Nje mtu alikuwa akiita majina ya watu wa kupimwa damu.  Nilihesabu watu kumi na moja walioitwa.

"Sina maneno," alisema mwishoni, kwa Kiswahili, akinielekezea mimi kidevu. "Sista anajua. Kikamba changu kiliishia darasa la tatu. Naweza kuomba maji. Naweza kuita mbuzi. Mambo ya watu wazima sijui yanaitwaje."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayeeleza kwa nini hakuja na kitambulisho. Mimi ndiye niliyetoka mle ndani nikiwa nimeshika ukuta.

Siku ile alipimwa uzito, na daktari wa ghorofa ya chini akaandika kwenye kadi, akasema kwamba Alhamisi ijayo ukishuka tena atampeleka kulazwa Nairobi. Mshauri akanivuta kando. Alisema ndugu yangu amemwambia, kwa Kiingereza kizuri, kwamba haoni sababu ya kuendelea kuwepo. "Usimwache peke yake. Na uanze kuongea naye Kikamba. Wewe ndiye uliyefunga, wewe ndiye utakayefungua."

Ile ilikuwa wiki mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimeishi wiki ya kumzika mama.

Nilihamisha kinu uani ili anisikie na mimi nimwone kupitia mlango. Kila nilipoinua mchi nilitazama. Nilimwambia kwa Kikamba, "Nimekuletea uji." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeigiza. Alijibu kwa Kiswahili, "Asante, sista. Weka hapo." Nikamwambia kwa Kikamba mvua imenyesha upande wa Mutonguni. "Ni vizuri," akasema. Nikamwambia yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. "Hongera." Kila neno nililomtupia alilirudisha kwa Kiswahili, limekunjwa vizuri, kama nguo ya mtu mwingine. Nilimfundisha hivyo mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Jirani yangu, yule niliyempelekea visu, alikuja kuchukua muthokoi akachungulia ndani.

"Huyu bado amelala? Nilikuambia. Kitabu kimemwingia kichwani na hakuna pa kutokea."

"Ni mgonjwa, mama."

"Mgonjwa wa nini? Hata homa hana. Mimi nina watoto saba na hakuna aliyepata huo ugonjwa wa kulala."

"Wako hawakupata nafasi ya kulala."

"Eh!" Alicheka, akapiga mapaja. "Ulimi unao. Mpe huyo ndugu yako nusu."

Siku ya Jumapili watu wa kanisa walikuja baada ya ibada. Mhubiri alikuwa mgeni, akaomba kwa Kiingereza, na kijana wa kwaya akitafsiri kwa Kiswahili, wote wawili kwa sauti ya juu, mikono juu ya kichwa cha ndugu yangu. Walimkemea roho wa mauti. Walipofika mwisho ndugu yangu alisema amina, akawashukuru, akamwambia yule kijana kwa upole kwamba kuna mahali hakutafsiri sawa. Waliondoka wakiwa wameudhika. Mama mdogo alipiga simu kutoka Kikima akasema nimpeleke kwake, kuna mzee wa maombi milimani Mbooni anayeponya watu kwa kuwafungisha.

"Kufunga kula?" nikauliza.

"Siku saba tu."

"Mama, huyu amefunga mwezi."

 Akaanza kulia kwenye simu, naye akalia kwa Kikamba, na nilisogeza simu mbali na sikio kwa sababu nilihofia nitamfuata. Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu hiyo hiyo. Nilijaribu kuyaandika kwa lugha yetu na sikufika katikati ya ukurasa.

Alhamisi ilifika. Alitembea polepole, akipumzika kila mti. Mimi nilijifanya kiatu kinanibana ili tupumzike bila yeye kuona haya. Kabla ya kupanda mizani tuliingia kwa mshauri.

Hakuanza na maneno mengi. Alisogeza kiti chake nyuma, akamwambia, "Siku mama yenu alipoumwa, alikutuma. Umeniambia hivyo. Alikutuma kwa maneno gani? Sitaki maana yake. Nataka maneno yenyewe yaliyotoka mdomoni mwake."

Ndugu yangu alifungua mdomo kujibu kwa Kiingereza. Akaufunga. Kwa sababu mama yetu hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko. Hayakuwepo maneno yake katika lugha nyingine yoyote.

Aliyasema. Kwa sauti ndogo, ya kukimbia, kama mtoto aliyetumwa dukani anayerudia ili asisahau: Kimbia shuleni, mwanangu, mwambie mwalimu mwenye gari kwamba nimeumwa na nyoka, mwambie anakufa mtu, usisimame njiani.

Nilizisikia nywele zangu zikisimama. Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameihifadhi na mwendo wake wote, hata ile pumzi aliyovuta katikati.

Baada ya hapo hakunyamaza. Alikuwa na maneno kumbe. Yalikuwa ya kitoto, mafupi, lakini yalitosha, kwa sababu mambo yenyewe yalimpata akiwa mtoto. Nitayaweka hapa kama nilivyoyasikia.

Alikimbia. Hakusimama njiani. Alifika shuleni walimu wakiwa bado chumbani mwao, wakisahihisha. Mlango ulikuwa wazi nusu. Juu yake kulikuwa na karatasi ya kukataza lugha ya nyumbani. Jana yake alikuwa amevaa diski na kuchapwa, na miguu ilikuwa bado imevimba. Akasimama nje ya mlango akitafuta Kiingereza. Alikuwa na neno la mama. Alikuwa na neno la nyoka, tulilijua kwenye kitabu cha picha. Lakini namna ya kuyaunganisha haikuja. Alianza, akafuta, akaanza. Mwalimu mmoja wa kike alitoka akamuuliza kwa Kiingereza anataka nini, naye kwa kuogopa akasema hakuna kitu, akarudi nyuma ya tangi la maji kujaribu tena. Aliangalia kivuli cha mlingoti wa bendera. Alipofika kilikuwa kwenye mchanga. Alipoingia hatimaye, akilia tu bila lugha yoyote, wakaelewa wenyewe, kivuli kilikuwa kimepita mchanga, kimepita mawe meupe, kimefika kwenye majani.

"Mwanaa mwaitu," aliniambia. Mtoto wa mama yangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu utotoni. Miaka yote nilikuwa sista. "Mwanaa mwaitu, muuguzi alikuambia nini hospitalini?"

Mshauri hakuelewa hata neno moja, lakini aliona uso wangu, akaacha kuandika.

Nilijua anachouliza. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia kwa Kiswahili, "Mama alienda salama, hakukuwa na la kufanya." Ningeweza kulisema tena. Kwa Kiswahili lilikuwa limezoea kinywa changu. Lakini alikuwa ameniuliza kwa Kikamba, naye alikuwa akinitazama, mifupa ya mashavu nje, na nilielewa kwamba alikuwa ananipima. Kwamba jioni ile ya msiba, nilipokuwa nikiwaeleza shangazi nyuma ya ghala, alikuwa mahali fulani anasikia. Nikimdanganya sasa, hatabakiwa na mtu yeyote duniani anayemwamini.

"Alisema tungefika mapema kidogo, angepona," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshajua. Alikuwa akitembea na sentensi hiyo tangu akiwa na miaka tisa.

"Ngoja," nikasema. "Sijamaliza. Kuna jambo hujui."

Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeamua nitazikwa nalo. Nyoka alimuuma mama akiinua mabua ya mahindi ya kulishia ng'ombe. Alikuwa kifutu, yule mnene anayelala bila kukimbia mtu. Ndugu yangu alikuwa bado na mbuzi. Mama alikaa chini, akaniambia nimwite mtu. Na mimi, badala ya kwenda shuleni, ambako kulikuwa karibu, nilikimbia mbali, ng'ambo ya mto mkavu, kwa bibi mmoja aliyekuwa na jiwe jeusi la kunyonya sumu. Kila mtu kwetu aliliamini jiwe lile. Ukilibandika kwenye jeraha linashika lenyewe, na halitolewi kwa mkono, linaanguka likishiba. Nililileta. Nikalibandika. Tukangoja lishibe. Mama aliuliza, "Limeanguka?" Nikasema bado. Mguu ulikuwa unajaa mpaka ngozi inang'aa, na mimi nimeushika, nalinda jiwe lisiguswe. Lilipoanguka niliona mama hana nafuu yoyote. Ndipo ndugu yangu akatokea na mbuzi, ndipo mama akamtuma.

"Ulipofika," nikamwambia, "jua lilikuwa limeshapita sana. Mlingoti wako ulihesabu mwisho wa muda tu. Mimi ndiye niliyekula mwanzo wake."

 Mshauri alinyoosha mkono kuchukua kitambaa, akasita, akauweka mkono chini.

Baada ya muda alimuuliza ndugu yangu kwa sauti ndogo kama anataka kumweleza kilichosemwa. Ndugu yangu alianza kwa Kiingereza, kile chake cha redio. Alisema maneno matatu hivi. Kikakatika. Alijaribu tena kikakatika pale pale, na sauti iliyotoka haikuwa ya lugha yoyote. Alilia akiwa ameinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Wakati akilia, mshauri hakumgusa wala kumnyamazisha. Mimi pia nilijizuia, ingawa mikono yangu iliniuma.

Mizani ilionyesha ameshuka. Daktari alichukua kalamu. Mshauri aliteremka mwenyewe ngazi, akasimama mbele ya meza yake, wakaongea kwa ukali ambao sikuuelewa. Mwishowe daktari alituangalia sisi wawili tulivyokuwa tumevimba macho, akasema kwa Kiswahili, "Jumatatu. Si Alhamisi. Jumatatu asubuhi nimwone hapa, na awe amepanda, hata kama ni kwa gramu."

Watu wangefikiri siku ile ilileta nafuu. Haikuleta. Ijumaa alilia mchana kutwa, kwa Kikamba, akimwita mama kama alivyokuwa akiitwa na yule mdogo. Sauti ya mwanamume wa umri wake ikiita mwaitu inatisha. Majirani walikuja mpaka uani. Yule mama wa watoto saba aliziba mdomo kwa mkono. Mmoja akasema nimuite mhubiri arudi, mwingine akasema nimfunge.

Nilisimama mlangoni na mchi mkononi. "Anamlilia mama yake," niliwaambia. "Hakupata kumlilia. Nilimkataza. Nendeni nyumbani."

"Miaka yote hii?" yule jirani aliuliza.

"Miaka yote hii."

Aliondoka. Baadaye alirudi na majani ya kunde, akayaweka kizingitini bila kubisha.

Ndugu yangu hakula Ijumaa. Hakula Jumamosi. Maji tu. Jumamosi kilio kiliisha na nikaogopa kuliko wakati wa kilio, kwa sababu alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, akinitazama mimi kila nilipopita. Si mabati tena. Mimi.

Jumapili asubuhi nilimpelekea uji. Nilisema kwa Kikamba, "Kunywa."

"Ulijua habari ya jiwe," akasema, kwa Kikamba. "Miaka yote ulijua. Uliniona nikibeba hili peke yangu."

"Sikujua ulikuwa unabeba."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Ungeulizaje? Ulikuwa umetukata ndimi. Ningekuambia kwa lugha gani?"

Alikuwa akitafuta maneno, na aliyoyakosa aliyavuka, akasema ya kitoto. Aliniita mtu mbaya. Aliniita mwizi, labda kwa sababu hakuwa na neno jingine kubwa kuliko hilo. Kisha alichukua kile kikombe akakirusha, kikapiga ukuta karibu na sikio langu, uji ukateremka kwenye chokaa.

Sikuwa nimeuona uso huo. Mwezi mzima alikuwa mpole, wa kushukuru, wa weka hapo sista, na upole ule ndio uliokuwa ukimmaliza. Sasa shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. Alikuwa anahema. Nilisimama pale na uji kwenye bega nikawaza, kama ni kunichukia ndiko kutakomweka duniani mpaka Jumatatu, basi anichukie. Nina nafasi. Nimebeba magunia mazito zaidi.

Nilipangusa ukuta kwa kitambaa. Nikaokota kikombe, kilikuwa cha bati, kilibonyea tu. Nilikwenda jikoni nikakoroga uji mwingine, na kwa sababu akili yangu ilikuwa chumbani kwake niliuacha moto mkubwa. Nilirudi nikamwekea kando ya kitanda, nikakaa sakafuni mlangoni, nikaanza kupepeta muthokoi wa wateja wa Jumatatu kama vile sina habari naye.

Alikaa muda mrefu. Nilisikia kitanda kikilia. Nilisikia kikombe kikiinuliwa kutoka kwenye kiti. Sikugeuka. Alikunywa kwa sauti, kwa hasira, kama mtu anayemnyang'anya mtu, akapumzika, akanywa tena.

"Umeuunguza," alisema kwa Kikamba.

Nilisema ndiyo, nimeuunguza, na nikauliza kama nimpikie mwingine.

"Huu huu," akasema.